Mzoa Taka Aliyemwacha Mtu wa Nne

Saa moja asubuhi, na giza bado limeng'ang'ania mlima. Lori la taka linapanda Mtaa wa Inkerman kwa gia ndogo, taa zake za njano zikizunguka kwenye kuta za nyumba zilizobanana. Nyuma yake Neville Catlow anaburuta mapipa mawili, moja kila mkono, kwa mwendo ambao si kutembea na wala si kukimbia.

Anayatundika kwenye lori, anabonyeza kitufe, taka zinamwagika, anayashusha na kuyarudisha getini. Hayaachi ovyo. Kila pipa analigeuza mpini uelekee mlangoni, kwa sababu mtaa huu una wazee wengi na mgongo wa mzee si wa kuchezea.

"Babu, nikuitie teksi?" anauliza Imran Sadiq, dereva, akichungulia dirishani.

"Wewe endesha. Ukizima tena pale konani, nitafika juu kabla yako."

Neville ana miaka hamsini na minane, na amezoa taka za mji huu wa Ogdenshaw tangu akiwa na miaka kumi na saba. Kazi hiyo, anasema, inamtosha kwa kodi, mafuta ya kupasha nyumba joto, na jozi mbili za viatu vya kukimbilia kwa mwaka. Jozi ya pili mkewe, Lorraine, hana habari nayo.

Mama mmoja aliyevaa joho la kulalia anatoka kumpokea pipa lake. Anaitwa Edna Pilling, na hapa mtaani hakuna jambo linalompita.

"Neville mwanangu, pole kwa klabu yenu."

"Asante, mama."

"Na Gordon, anaendeleaje?"

Neville anainama kurekebisha gurudumu ambalo halina tatizo lolote, kisha anavuka barabara na kuanza upande wa pili. Nyumba ya Gordon Haworth iko upande huu anaouacha, namba kumi na tisa, yenye mlango wa kijani. Wiki mbili sasa pipa la mlango huo linachukuliwa na Imran, ambaye hulazimika kuzima lori, kushuka na kulalamika.

"Mimi ni dereva," analalamika Imran. "Wawili hawa wamenuniana, mgongo unaouma ni wangu."

Ili mtu aelewe kwa nini wanaume wawili watu wazima hawasemeshani, na kwa nini mji mzima unatoa pole kana kwamba kuna msiba, lazima arudi nyuma kidogo. Neville mwenyewe anapenda sana kurudi nyuma. Mchokoze tu kidogo wakati wa chai ya saa nne, lori likiwa limeegeshwa karibu na bwawa la maji, na utamsikia.

"Siku hizo hakukuwa na magurudumu," anasema, mikono ikiwa imekumbatia kikombe. "Lilikuwa pipa la chuma, na unalibeba begani. Ukipanda Inkerman na pipa la majivu, unashuka masikio yanalia. Mimi nilikuwa nakimbia. Msimamizi akauliza, huyu mtoto ana haraka gani? Sikuwa na haraka. Nilikuwa naogopa lori litaniacha."

Gordon Haworth alikuwa mkata ngozi katika kiwanda cha viatu vya kuvaa nyumbani, kile kilichokuwa kinalisha nusu ya mji. Alikuwa pia katibu na mwalimu wa Klabu ya Riadha ya Ogdenshaw, iliyoanzishwa na wafanyakazi wa kiwanda hichohicho enzi za babu zao. Kila Alhamisi, akijiandaa kwenda kazini, alimwona kijana mwembamba akipita mbio dirishani kwake na pipa begani.

"Wiki ya tatu akatoka na kikombe cha chai," anakumbuka Neville. "Akaniambia, kijana, mbio hizo unazitupa jalalani. Njoo Jumanne, ukumbi wa kanisa, na uoshe hivyo viatu."

Alikwenda. Alikuta watu sitini, sabini, wamejaa ukumbini wakifunga kamba za viatu na kutukanana kwa upendo. Wakatoka wote kwa pamoja, wakashuka Barabara ya Bwawa chini ya taa, na watu wakafungua mapazia kuwatazama. Hakuna aliyekuwa na saa ya maana. Gordon alikimbia nyuma kabisa, kwa makusudi, akipiga kelele: "Catlow, mabega! Unabeba pipa gani hilo?"

Baada ya mazoezi kulikuwa na pai ya nyama na viazi, na beseni kubwa la maji ya moto ambalo wa kwanza kuingia aliliita bafu na wa mwisho aliliita supu. Neville anacheka akilisimulia beseni hilo mpaka anafuta macho. Halafu anatazama maji ya bwawa.

"Nilidhani itakuwa hivyo siku zote," anasema. "Ukiwa kijana huwazi kwamba kitu kama kile kinaweza kuisha. Kiwanda kilifungwa, watu wakahama, wengine magoti, wengine ndoa. Unageuka nyuma, hakuna mtu."

Enzi zake bora klabu ilikuwa na wanachama zaidi ya tisini. Mwaka huu walibaki kumi na mmoja, na kati yao wenye uwezo wa kumaliza kilomita kumi walikuwa wanne tu. Wengine kazi yao ilikuwa kupika chai na kukosoa.

Fulana yao ni ya kahawia, yenye mkanda mpana wa njano kifuani. Wapinzani huiita chai na haradali. Neville anazo tano, na ya zamani kuliko zote imechakaa mpaka unaweza kusoma gazeti kupitia mgongoni. Ndiyo aliyoivaa mwaka 1988, mwaka ambao kila mtu wa rika lake hapa Ogdenshaw anaweza kukusimulia bila kuulizwa.

Kila Oktoba klabu zote za bonde hili hushindana katika mbio za barabarani za kilomita kumi. Kila klabu huhesabiwa watu wanne wa kwanza kufika. Mtu anaweza kuwa na kasi ya ajabu, lakini klabu isipofikisha wanne haina timu, na jina lake halisomwi. Na kuna kanuni moja ambayo wageni huicheka: ukivuka mstari, fulana ya klabu yako lazima ionekane. Ukiifunika, umekimbia kama mtu binafsi na timu haikujui.

Mwaka huo wa 1988 Ogdenshaw walishindwa kwa pointi moja na mahasimu wao wa mji wa jirani, Hollinsworth, wanaovaa bluu. Watu walikuwa wameshaanza kuinamisha vichwa. Gordon, ambaye alikuwa amefika wa nne kwa timu yake akiwa hoi, akaenda kwenye meza ya mwamuzi akasema kijana mmoja wa Hollinsworth amevuka mstari akiwa na sweta juu ya fulana. Ilikuwa kweli. Kijana akafutwa, na kombe likaja Ogdenshaw.

Kijana huyo aliitwa Trevor Kershaw. Alikaa pembeni ya ukumbi akalia hadharani, na wenzake hawakumkaribia.

"Sisi tuliimba njia nzima kwenye basi," anasema Neville. "Sikumfikiria hata mara moja. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nina kombe mapajani."

Sasa tuje kwenye Oktoba ya mwaka huu. Chama kinachoendesha mbio hizo kina utaratibu kwamba klabu ikishindwa kufikisha timu miaka miwili mfululizo inaondolewa. Mwaka jana Ogdenshaw walifika watatu, kwa kuwa nahodha wao, Sheila Pickup, dereva wa basi, alikuwa amevunjika kifundo cha mguu. Kwa hiyo mwaka huu ilikuwa wafike wanne, au klabu ife.

Wanne wenyewe walikuwa Sheila, mwenye miaka hamsini na minne, na kifundo kilichounganishwa kwa chuma, Imran, ambaye Neville alimsumbua ndani ya lori miaka minne mpaka akakubali kujiunga, Neville, na Gordon Haworth, ambaye sasa ana miaka sabini na mitatu.

"Asubuhi ile nilimtazama Mjomba Gordon akifunga kamba za viatu," anasimulia Imran. "Alichukua muda mrefu. Nikajiambia, klabu ya miaka yote hii inaning'inia kwenye vidole vile."

Kwenye mstari wa kuanzia Sheila aliwakusanya. Sauti yake imezoea kuwaambia abiria wasogee nyuma.

"Leo sitaki shujaa. Tunakimbia pamoja, mwendo wa Gordon. Tukifika wanne, tumefika. Neville, umenisikia?"

"Nimekusikia mara ya kwanza."

"Nauliza tena kwa sababu nakujua."

Alimjua kweli. Kilomita ya kwanza walikwenda bega kwa bega, fulana nne za kahawia, na watu waliosimama kandokando ya barabara wakawapigia makofi. Neville anasema kifua kilimjaa. Alisikia harufu ya dawa ya kuchulia misuli, ileile ya zamani, na alisikia Gordon akihema, na kwa muda mfupi aliona kama wote sitini wako pale nyuma yake.

Kilomita ya pili, mtu wa bluu akawapita upande wa kulia. Mwembamba, mwenye mvi, anakimbia kama anayekwenda dukani. Ni Trevor Kershaw, ambaye sasa ndiye nahodha wa Hollinsworth.

"Catlow!" akasema bila kugeuka. "Nilidhani umeshazikwa."

Hapo Neville anaitazama mikono yake.

"Akili iliniambia kaa. Nakuapia iliniambia. Lakini miguu ilikuwa imeshaondoka. Nilikuwa najua ni mara ya mwisho kuvaa ile fulana nikiwa na nguvu, nikataka niitumie. Nikamfukuza."

Alimfukuza mpaka mwisho. Wanaojua mbio wanasema Neville hajakimbia vile kwa miaka kumi na tano. Walipanda mlima wa bwawa mmoja akiwa kisogoni mwa mwenzake, wakashuka wakitupiana maneno, na Trevor akamtangulia kwenye mstari kwa urefu wa lori. Wakakumbatiana, mate na makamasi, wakicheka kama watoto waliotoroka shule.

Nyuma yao mambo yalikuwa mengine. Gordon hakutaka kungojwa. Imran alikaa naye mpaka kilomita ya nne akafukuzwa. Sheila alikaa mpaka ya tano.

"Aliniona nachechemea," anasema Sheila. "Kwenda polepole kunaniumiza kuliko kwenda haraka. Akaniambia, mama, nenda zako, unanisikiliza ninavyohema kama daktari, unanitia aibu. Nilikataa. Akasimama kabisa katikati ya barabara, akasema hasogei mpaka niondoke. Ungefanya nini?"

Kwa hiyo kilomita ya sita, kwenye barabara ya juu ya bwawa isiyo na hata kichaka cha kujikinga, mzee alikuwa peke yake. Mvua iliyokuwa inanyunya ikageuka mvua ya mawe. Kwenye meza ya maji alisimama mkewe, Hilda, ambaye amesimama kwenye meza hiyo kwa miaka mingi kuliko anavyotaka kukumbuka.

"Midomo ilikuwa ya bluu," anasema Hilda. "Nilikuwa na koti lake la mvua kwenye gari. Nikamvalisha mwenyewe, nikapandisha zipu mpaka kidevuni, nikamwambia nenda. Kanuni? Mwanangu, kanuni naijua tangu hujazaliwa. Siku ile sikumwona mkimbiaji pale. Nilimwona mume wangu anaganda."

Kwenye mstari wa kumalizia, Imran alikuwa ameshafika, kisha Sheila. Watatu. Wakasimama kwenye kamba wakitazama mteremko. Wakapita wakimbiaji wa klabu nyingine, kisha wasio na klabu, kisha mwanamke mmoja aliyevaa mbawa za kipepeo kwa ajili ya kuchangisha fedha. Hatimaye kwenye kona akatokea Gordon, mabega chini, mikono inafanya kazi vizuri kabisa, kama alivyowafundisha wote. Amevaa koti la kijani, limefungwa mpaka juu.

"Gordon, koti!" Neville akaita. "Fungua koti!"

Lakini Gordon alikuwa ametoa vifaa vinavyomsaidia kusikia ili visiingie maji. Neville akafungua koti lake mwenyewe, akajipigapiga kifuani kwenye mkanda wa njano, akaonyesha kwa vidole, akaruka. Gordon akamwona. Akadhani anashangiliwa. Akainua ngumi juu, akatabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo, na akavuka mstari.

Mwamuzi, Marjorie Lund, mama mwenye miwani iliyojaa matone, akamtazama yule mzee wa koti la kijani. Akatazama kitabu chake. Akaandika. "Ogdenshaw, wanne," akasema, na hakuinua tena kichwa.

Watu wa Ogdenshaw walilia pale kwenye mvua. Hata Imran, ambaye anakana.

Ukumbini kulikuwa na chai, mikate ya nyama na keki ya tangawizi. Gordon aliingia akipokewa kama bwana harusi. Akavua koti ili alitundike karibu na radieta ya kupasha ukumbi joto, akaanza kukung'uta fulana yake kama wanavyofanya wote, na mkono wake ukasimama. Fulana za wenzake zilikuwa zinachuruzika maji. Yake, chini ya koti, ilikuwa na unyevu tu.

"Nilimwona anapotambua," anasema Neville. "Nilikuwa hatua chache tu. Nikamtikisia kichwa. Nilimwambia kwa macho, Gordon, kaa chini, nakuomba. Nilijua anakwenda wapi."

Alikwenda kwenye meza ya mwamuzi, na ukumbi mzima ukamsikia, kwa sababu mtu asiyesikia vizuri huongea kwa sauti.

"Marjorie, nifute. Fulana yangu ilikuwa imefunikwa."

"Gordon, nenda ukanywe chai."

"Nitakunywa ukishanifuta."

Hapo Trevor Kershaw akainuka kutoka meza ya Hollinsworth, sahani ya keki mkononi.

"Fulana ilionekana," akasema. "Nilikuwa pale kwenye kamba. Nimeiona kwa macho yangu. Sisi hatuna malalamiko, na kama sisi hatuna, nani anayo?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Watu wakaanza kuangalia vikombe vyao. Gordon alirudisha vifaa vyake masikioni, taratibu, kimoja kimoja, akamwomba arudie. Trevor akarudia.

"Hukuiona, Trevor," akasema Gordon, safari hii kwa sauti ya chini. "Mke wangu alinifunga mpaka kidevuni. Na wewe uliwahi kukaa pale kwenye kona ukalia, na aliyekuliza ni mimi."

"Mzee, yale yalishapita."

"Yalipita kwa kanuni hii hii. Siwezi kukufuta wewe, halafu mimi nipite."

"Basi mimi nakusamehe, kaa chini. Mkifa ninyi, sisi tutamcheka nani?"

Watu wakacheka kidogo. Gordon naye akacheka. Halafu akamgeukia Marjorie na kungoja mpaka alipochukua kalamu.

Neville hakungoja. Alitoka na nguo zake zilizolowa, akaacha mfuko wake chini ya kiti, akatembea mpaka nyumbani. Lorraine anasema katika maisha yao ya ndoa amemwona akilia mara mbili tu: alipofiwa na mama yake, na Jumapili ile ya mbio, amesimama jikoni, maji yanamtiririka kwenye zulia jipya.

"Nilikuwa na hasira naye," anakiri Neville. "Kila mtu alikuwa tayari kunyamaza. Mwamuzi alinyamaza. Hollinsworth walinyamaza. Yeye peke yake ndiye aliyeshindwa, na ndiye aliyetufundisha kuipenda klabu ile. Niliona kama ametuua kwa mkono wake."

Jina la Ogdenshaw limeondolewa. Kuanzia Januari, wanachama wake kumi na mmoja watahamia Hollinsworth, klabu yenye watu zaidi ya mia tatu, ukumbi wenye mabafu ya kweli, na programu ya simu inayomwambia mtu akimbie kwa mwendo gani na leo moyo wake unajisikiaje. Trevor aliwaandikia barua ya kuwakaribisha kwa mkono wake. Sheila anasema ilikuwa nzuri sana na hajaweza kuisoma mara ya pili.

Alhamisi iliyofuata ile ya Edna Pilling, lori linapanda tena Mtaa wa Inkerman. Linasimama mbele ya namba kumi na tisa. Imran anazima injini, lakini hashuki.

"Mgongo," anasema kupitia dirishani. "Daktari amenikataza."

"Daktari gani?"

"Daktari wa madereva. Babu, nenda bwana. Hili lori halisogei."

Nyuma ya lori gari moja linapiga honi. Imran anawasha redio. Neville anasimama kando ya barabara na glavu zake, anatazama pipa, anatazama mlango wa kijani, na kabla hajafanya uamuzi wowote mlango unafunguka. Gordon amesimama pale na soksi, vikombe viwili mkononi.

"Bado umenuna?" anauliza.

"Nimenuna."

"Basi ingia unune ndani. Baridi inaingia."

Wanaishia mlangoni, kwa kuwa Neville ana buti za kazi na Hilda ana kapeti. Wanakunywa chai wamesimama. Kwa muda mrefu wanazungumzia gurudumu la pipa. Halafu Neville anaweka kikombe juu ya ukuta, na maneno yanamtoka mfululizo, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajabadili nia.

Si Gordon aliyemkasirisha, anasema. Alidhani ni yeye, kwa wiki zote hizi alidhani ni yeye. Lakini usiku analala akiiona kilomita ya pili. Waliahidiana kukimbia pamoja. Kama angekaa, angekuwa naye pale juu, na kabla ya ule mteremko angemwambia tu, mzee, fungua zipu. Maneno matatu. Klabu ingekuwa hai.

"Nilikuacha," anasema. "Mtu mmoja amenitania, nikakuacha."

Gordon anamsikiliza mpaka mwisho. Safari hii vifaa viko masikioni.

"Nilikuona ukiondoka," anasema. "Unajua nilimwambia nini Sheila? Nilimwambia, tazama mabega yale. Ni miaka mingapi sijayaona yale mabega? Mpaka mkapotea kwenye kona nilikuwa nakutazama wewe tu, nikasahau hata miguu inaniuma." Anapuliza chai yake. "Ungerudi nyuma kunisubiri, kijana, ningekupiga teke."

Neville anavua glavu moja na kujifuta uso kwa kiganja, kisha anaivaa tena. Gari la nyuma limechoka kupiga honi na dereva wake ameshuka kuwasalimu.

Baadaye, lori likiwa limefika juu kabisa na mji mzima umelala chini yao na mapaa yake yaliyolowa, Neville anaulizwa kama atakimbia mwakani. Anasema atakimbia. Atavaa bluu, ingawa Lorraine anasema itamfanya aonekane mgonjwa. Gordon naye atakimbia. Ameshampa Trevor jina lake na atakuwa na miaka sabini na minne.

Huko Hollinsworth, anasema, wana watu wenye kasi kama thelathini. Wanne watakuwa wameshapatikana, wameoga na kula keki kabla yeye na Gordon hawajafika bwawani. Hakuna timu itakayowangoja. Ataanza naye na kumaliza naye, hata mtu akimtania, hata wakikuta chai imeisha na watu wanafagia ukumbi.

"Amesema nisithubutu," anasema Neville, akishika mpini wa pipa linalofuata. "Miaka arobaini nimemtii yule mzee. Hili atanisamehe."